Mti wa Ngoma Katika Msitu wa Mabira

Kutoka Kampala hadi Najjembe, katika msitu wa Mabira, ni kama kilomita 50 kwa barabara ya Jinja. Teksi, kama Waganda wanavyoiita matatu, haijatulia vizuri na tayari vijiti vya kuku wa kuchoma na gonja za moto vimefika dirishani. Nunua, ule, kisha iache teksi iende zake. Wewe ingia msituni.

Mabira ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 300. Ukishapiga hatua mia mbili tatu, malori ya Jinja hayasikiki tena. Kinachosikika ni mabawa ya hondohondo juu ya vilele. Nilikuja kumtazama mkazi mmoja wa humo: mubajjangalabi, Alstonia boonei kwa jina la kitaalamu.

Kwa Kiganda, kubajja ni kuchonga. Ngalabi ni ile ngoma ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge upande mmoja, ipigwayo kwa viganja kwenye sherehe za mapacha na za kumaliza msiba. Mbao za mti huu ni nyeupe, nyepesi, hazimsumbui mchongaji. Wazee hawakuupa jina la ua wala la tunda. Waliuita kwa kazi yake, na sijaona jina la mti lililonipendeza kuliko hilo.

Aliyeniongoza aliponyoosha kidole, ilinibidi nirudi nyuma ndipo nione kilele. Miti hii hufika mita 40 na zaidi. Majani yake huota kwa duara, matano hadi manane pamoja. Maganda membamba huning'inia mawili mawili kama kamba, na yakipasuka, mbegu zenye manyoya huondoka na upepo. Utomvu wake ni mweupe kama maziwa, sawa na wa mbungo wetu wa pwani, maana ni wa ukoo mmoja.

Ila shina lile lilikuwa na kovu pana. Magome yake huchemshwa kuwa dawa ya malaria, na mti uliobanduliwa magome pande zote hufa.

Mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kupinga sehemu ya Mabira kugeuzwa shamba la miwa, na wapo waliopoteza maisha. Msitu bado upo. Ukipita Najjembe, shuka, uliza mubajjangalabi ulipo, na uuache na magome yake.