Barua ya Mistari Mitatu

Sisi tukaao Niemba twajua kungoja. Twangoja mvua, twangoja treni ya kwenda Kalemie isiyo na saa yake. Lakini leo twataka kuwasimulia kungoja kwa namna nyingine: kungoja kwa mtu aliyeumia kazini, kisha akaambiwa kwamba hana haki ya kupewa kitu.

Ndugu yetu alikuwa fundi wa mbao kwa mwajiri mmoja wa mjini. Asubuhi moja msumeno wa mashine ulimkata vidole vinne vya mkono wa kuume. Daktari alimtibu, akaandika cheti kwamba mkono ule hautafaa tena kwa ufundi. Ndugu yetu akapeleka maombi yake ofisini. Baada ya miezi mitano likaja jibu la mistari mitatu: maombi yamekataliwa, kwa kuwa jina lake halimo katika orodha ya wafanyakazi, wala ajali haikuarifiwa.

Twaona haya kukiri tuliyomwambia usiku ule. Sisi tuliosoma, ambao huwaandikia wengine barua zao, tulimwambia, "Ndugu, ofisi ikisema hapana, yamekwisha. Shukuru kwamba u hai." Tulidhani twamfariji, kumbe twamfungia mlango mara ya pili. Yeye alinyamaza, akauficha mkono wake chini ya shuka. Mkewe ndiye aliyeuliza, "Je, barua hii yasema kwamba vidole vyake vingalipo?"

Swali lile lilitufumbua macho. Tukaisoma barua upya. Haikusema kwamba hakuumia, wala kwamba hakuwa na kazi. Ilisema tu kwamba karatasi fulani hazikuonekana, nazo hazikuwa juu yake kuzipeleka. Sheria ya Kongo ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya ulinzi wa jamii, kama ile ya mwaka 1961 iliyoitangulia, yamwagiza mwajiri awaandikishe wafanyakazi wake na kuarifu ajali. Tena mchango wa ajali za kazini hulipwa na mwajiri peke yake. Haukatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Basi ndugu yetu alikuwa akiadhibiwa kwa kosa la mtu mwingine.

Ndipo safari zilipoanza. Tulikwenda Kalemie kwa baiskeli, na unga wa muhogo mgongoni. Dirisha la kwanza lilitaka cheti chenyewe, si nakala. La pili lilitaka nakala. La tatu lilikuwa limefungwa. Tuliambiwa turudi Jumatatu, kana kwamba Niemba ni mtaa wa pili. Katika safari ya nne mzee mmoja aliyekuwa karani zamani alituelekeza kwa mkaguzi wa kazi. Kwa maana sheria ya kazi ya mwaka 2002 yataka shauri la mfanyakazi na mwajiri wake lipite kwanza kwa mkaguzi, ajaribu kuwapatanisha, kabla halijafika mahakamani. Tulibeba hati za mshahara, ambazo yule mke alikuwa amezitunza katika kopo la maziwa. Mwajiri alipoziona mezani, hakuweza kukana tena.

Malipo yalianza baada ya miaka miwili na nusu. Si mengi, lakini ni yake, naye huyapokea kwa mkono wa kushoto bila kumwomba mtu. Walakini mtoto wake mkubwa aliacha sekondari kwa kukosa ada, akaenda kuchoma makaa, wala hakurudi tena darasani. Hasara hiyo hakuna dirisha litakaloilipa.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, enyi mnaofanya kazi kwa mshahara, tunzeni kila hati, hata iliyochakaa. Ajali ikitokea, andikeni siku, saa na majina ya walioona. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, wala msiende peke yenu. Nanyi wanafunzi, elimu yenu si ya kujisomea tu. Jirani akija na barua ya kukataliwa, tusimwambie avumilie kabla hatujaisoma pamoja naye hadi mstari wa mwisho.