Nyumba Njema si Mlango

Methali hii niliikariri utotoni bila kuielewa. Mafuriko ya mwaka 2018 yaliibomoa nyumba yetu ya udongo kando ya mto Tana, karibu na Garsen, mama akahamia kwa dada yake. Mimi, niliyekuwa nimevutiwa na picha za Kangbashi, mji mpya wa Ordos huko Uchina, nikamwahidi ghorofa.

Baadaye nilisoma kwamba mengi ya majumba yale yalikaa matupu kwa miaka, kwa kuwa wanunuzi walitafuta faida, si makao. Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru kampuni ya Evergrande ifilisiwe, ilhali Wachina wengi walikwisha kulipia nyumba zisizokamilika.

Nilipomsimulia mama, aliniuliza, "Mwanangu, Ungwana umepata kufika?" Nikaenda. Hapo karibu na Kipini, misikiti ya mawe imesimama bila waumini. Katika magofu hayo vilifukuliwa vipande vya kauri kutoka Uchina, fahari ya matajiri wa kale. Watu walihama, fahari ikafukiwa.

Nyumba ya mama tumeijenga upya, ya udongo vilevile, ila mahali palipoinuka. Ghorofa haina. Jioni majirani hujaa barazani.