Gahanga: Nyumba ya Mabinti Walioishinda West Indies

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Kigali kuelekea kusini hupita Kicukiro, akakipanda kilima cha Nyanza, kisha akaifuata barabara kuu iendayo Nyamata, katika wilaya ya Bugesera. Kabla ya kuufikia mto Nyabarongo huikuta Gahanga. Hapo, ubavuni mwa bonde, pana kiwanja kipana cha majani, na kando yake jengo lenye mapaa matatu yaliyopinda, mfano wa njia ya mpira udundao juu ya ardhi. Hicho ndicho kiwanja cha kriketi cha taifa la Rwanda, kilichofunguliwa mwezi wa Oktoba 2017.

Mapaa hayo hayakusimamishwa kwa mihimili ya chuma. Yalijengwa kwa vigae vyembamba vya udongo wa nchi hiyo uliochanganywa na saruji kidogo, vikashindiliwa na kukaushwa bila kuchomwa motoni. Paa lililo kubwa kupita yote lina upana wa mita 16. Mafundi wengi walikuwa wenyeji, nao waliipata kazi na ujuzi kwa pamoja.

Lakini aijuaye barabara hiyo hawezi kuupita mlima wa Nyanza bila kuyakumbuka yaliyotukia. Mwezi wa Aprili 1994 watu zaidi ya 2,000 walikimbilia shule ya ufundi ya Kicukiro, wakitumaini ulinzi wa askari wa Kibelgiji waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 askari hao waliamriwa kuondoka. Wakimbizi wakaswagwa hadi Nyanza, na wengi wao wakauawa huko. Leo pana makumbusho mahali hapo. Na ni katika uwanja wa shule hiyo hiyo ya Kicukiro kriketi ya Rwanda ilipochezwa kwa miaka mingi, kabla ya Gahanga kujengwa.

Kriketi haikuwa mchezo wa jadi nchini humo. Rwanda ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji, na wote wawili hawakuwa na desturi ya mchezo huo. Walioupanda ni Wanyarwanda waliokulia ugenini, katika Uganda, Kenya na Tanzania, ambao walirejea kwao baada ya 1994. Chama cha kriketi kiliundwa mwaka 1999. Fedha za kujengea kiwanja zilichangwa kidogo kidogo. Mwezi wa Mei 2016 Eric Dusingizimana, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya wanaume, alisimama akipiga mipira kwa muda wa saa 51, akaivunja rekodi ya dunia ili watu waguswe na kutoa mchango.

Basi matunda ya juhudi hiyo yalionekana mbali na nyumbani. Mwezi wa Septemba 2022 mabinti wa Rwanda wenye umri chini ya miaka 19 walikwenda Botswana kushindania nafasi ya Afrika, wakaishinda Tanzania katika fainali. Kwa ushindi huo Rwanda ilipata kuingia katika Kombe la Dunia la kriketi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mashindano yenyewe yalifanyika Afrika ya Kusini, Januari 2023, kwa timu 16.

Katika mchezo wa aina hiyo kila upande hupewa ova 20, na kila ova ni mipira sita. Upande mmoja hupiga mpira na kutafuta mikimbio. Upande wa pili hurusha, hudaka, na hujitahidi kuwatoa wapigaji. Wakishatolewa wapigaji kumi, zamu yao imekwisha.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Pakistan iliwafunga. Kisha, tarehe 17, walirudi kwa kishindo: waliishinda Zimbabwe kwa mikimbio 39, na Henriette Ishimwe akawatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo, jambo lionekanalo kwa nadra sana duniani. Lakini furaha hiyo haikudumu, kwani Uingereza iliwalemea kwa tofauti ya mikimbio 138. Wengi wangevunjika moyo hapo.

Tarehe 22, mjini Potchefstroom, mbele yao walisimama West Indies, timu ya visiwa vya Karibi pamoja na Guyana. Huko kriketi hurithiwa na mtoto kutoka kwa wazee wake. Wanaume wao walilitwaa Kombe la Dunia mwaka 1975 na 1979, na wanawake wao lile la ova 20 mwaka 2016.

West Indies walianza kupiga. Warushaji wa Rwanda hawakuwapa nafasi, wakawatoa wote kwa mikimbio 70 tu. Hata hivyo, alama 71 zaweza kuwa mlima kwa timu isiyozoea kushinda. Wapigaji wa Rwanda walianza kutoka, mmoja baada ya mwingine, hata sita wakawa wametolewa. Nahodha Gisele Ishimwe hakutikisika. Hakukimbilia mapigo makubwa ya kujionyesha. Aliuchagua mpira wa kupiga na ule wa kuuacha. Zilipokwisha ova 18 na mipira miwili, Rwanda ilikuwa imefikisha 71, na nahodha alikuwa angali kiwanjani na mikimbio yake 31.

Rwanda haikufika nusu fainali; kombe lilichukuliwa na India tarehe 29. Lakini ushindi ule haukuwa wa bahati nasibu. Timu ambayo nchi yake ilianza bila kiwanja, bila mapokeo na bila mali nyingi ilijua kungoja, kutii mpango na kumlinda mwenzake aliye upande wa pili. Hayo ndiyo mafunzo ya kambi yoyote na ya nyumba yoyote. Haba na haba hujaza kibaba: kigae juu ya kigae paa husimama, na mkimbio juu ya mkimbio mnyonge humfikia mwenye nguvu.