Mkanda Mzima

Mikanda ambayo haikukatwa ni kumi na mmoja. Mingine yote ya baba mdogo ilirudi kutoka studio ya Bukoba ikiwa vipande vya picha nne nne, na mteja akidai negativu yake alipewa kipande akaondoka nacho. Hii ilisafishwa tu, haikuchapwa, kwa sababu wenyewe walitoa kianzio wakashindwa kumalizia. Enzi hizo Songambele bado ilikuwa Karagwe. Kyerwa imekuwa wilaya 2012.

Likizo hii ninaiskani nyumbani. Nina kishikwambi cha dada chenye skrini nyeupe, kamera ya kuazima yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, na vijiti viwili vya kuunyanyua mkanda sentimita tatu juu ya skrini. Ukiulaza kwenye kioo chenyewe, vidoti vya skrini vinaingia kwenye picha. Picha moja ni milimita 24 kwa 36, na mkanda wa picha 36 unapita mita moja na nusu. Napiga zote, hata ile ya mwanzo iliyoungua nusu kwa mwanga. Kisha programu inageuza rangi: uchungwa unaondoka, na watu waliokuwa weupe kama mizimu wanarudia weusi wao. Adui ni vumbi. Nafanya kazi asubuhi baada ya mvua, kabla bodaboda hazijachangamka.

Baba mdogo anaona napoteza muda, nichague nzuri. Lakini nasoma historia, na picha ikiwa peke yake haina tarehe. Ndani ya mkanda ina majirani. Namba 9 ni duka lenye bango la kampeni za 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi. Basi ubatizo wa namba 12 haukutangulia bango lile.

Mama jirani akasikia. Marehemu mumewe aliwahi kupigwa picha akiwa na shati la mistari, na yeye hakuwahi kuiona. Niliikuta, namba 23. Namba 24 ni shati lilelile, benchi lilelile, na mwanamke nisiyemjua amempakata mtoto. Mkono wa mume uko begani kwa huyo mwanamke.

"Mpe ile moja," baba mdogo akasema. "Picha ya mteja ni siri ya mteja."

"Mteja amekufa, baba."

"Basi ndiyo kabisa."

Nilimfungulia 23. Aliitazama muda mrefu, akaigusa kwa kidole. Kisha akauliza, kama mtu anayeomba chumvi, kama zipo nyingine. Baba mdogo alikuwa ameshatoka, yuko kwenye migomba. Nikasogeza.

"Huyu mtoto," akasema, "ndiye aliyeleta mbuzi siku ya arobaini."

Akanyamaza kidogo.

"Zichape zote mbili, mwanangu. Hii ya pili nitampelekea. Namba yake ninayo."