Kipimajoto kinachoingia ndani ya seli

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa mwishowe mtaona ni mambo yale yale.

Kuna polima moja imeninyima usingizi wiki hii. Kwa kifupi huitwa PNIPAM. Ndani ya maji baridi, nyuzi zake hujinyoosha na kulowa. Maji yakipita joto la digrii 32 hivi za Selsiasi, hujikunja na kuyafukuza maji. Mwaka 2003 Seiichi Uchiyama na wenzake walieleza jinsi ya kuipachika rangi inayong'aa ikimulikwa. Rangi yenyewe hufifia ikizungukwa na maji, hung'aa maji yakiondoka. Basi joto likipanda, mwanga nao unapanda. Hicho ni kipimajoto, bila betri wala waya!

Mwaka 2012 Kohki Okabe, Uchiyama na wenzao wakaingiza polima ya jamii hiyo ndani ya seli zilizotokana na figo ya tumbili. Hapa ndipo mimi mwandishi wa programu nilipofurahi. Mwanga mkali huweza kuwa ishara ya joto, au tu kwamba rangi ni nyingi mahali hapo. Wao wakapima muda ambao mng'ao unadumu baada ya kumulikwa, nanosekunde chache tu. Muda huo haujali wingi wa rangi. Wakachora ramani ya joto: kiini cha seli kilikuwa na joto zaidi ya sehemu inayokizunguka, kwa karibu digrii 1.

Safi, sivyo? Ngoja kwanza. Mwaka 2014 Guillaume Baffou na wenzake wakapiga hesabu. Joto linalozalishwa na seli ni dogo mno, tena hutawanyika upesi majini. Tofauti waliyoipata haikukaribia digrii 1. Ilikuwa kama sehemu 1 ya 100,000 ya digrii! Huenda basi polima inaguswa na kitu kingine, kwa mfano uzito wa majimaji ya humo ndani. Mabishano bado yanaendelea.

Mimi nawaunga mkono wabishi. Kihisi hakijui neno "joto". Kinajua mwanga tu, tafsiri ni yetu. Na kabla daktari hajategemea ramani ya namna hii kumtibu mtu, afadhali tubishane sasa, mgonjwa akiwa bado ni seli kwenye kisahani.

Au wewe waonaje?