Kizibo cha Ndiva

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 12, na kazi yangu ya alfajiri ilikuwa kumshikia babu taa akizibua ndiva. Kwa asiyetoka Upareni, ndiva ni bwawa dogo la ukoo, limejengwa mlimani kwa udongo na mawe. Maji ya kijito yakiachwa yajiendee tu kwenye mfongo, yaani mfereji, ardhi inayanywa yote kabla hayajafika shambani. Kwa hiyo usiku kucha yanakusanywa. Alfajiri kizibo kinatolewa, na maji yanashuka kwa nguvu mpaka kwenye mahindi ya mwenye zamu.

Siku hiyo mdogo wangu, mtoto wa miaka sita, alitutangulia ukingoni, juu ya kijiji chetu cha Bombo. Nikasikia kishindo majini. Babu aliruka na nguo zake zote. Alipomlaza kwenye nyasi, mtoto alikuwa bado anakakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni. Majirani waliofika walisimama mbali, maana iliaminika kwamba povu la kifafa linaambukiza. Babu alimgeuza ubavu, akakaa naye mpaka akatulia. Kisha akasema, kama anayejisemea: "Humu kichwani ndiva zote zimezibuliwa kwa mpigo." Akatoa amri ambayo nyumbani kwetu haijafutwa mpaka leo: mtoto huyu akikaribia maji, lazima mtu amshike shati.

Mwaka huohuo, sisi wa Bombo bila kujua, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1983, hisabati niliisoma kwa chaki na karatasi. Sikuona hasara. Nilichokitafuta kilikuwa ni kuelewa maneno ya babu.

Niliyaelewa nikiwa masomoni Uingereza, mwaka 1989. Mwalimu aliandika ubaoni mlinganyo unaotokana na kazi ya Mfaransa Louis Lapicque ya mwaka 1907. Seli ya neva inakusanya chaji ya umeme kidogo kidogo, nyingine inavuja, na ikifika kikomo inafyatua, halafu inaanza upya. Wenzangu walinakili. Mimi nilikuwa naiona ndiva: kijito, mvujo wa kuta, kizibo. Na kifafa ni seli nyingi mno kufyatua pamoja, wakati ambapo kila moja ilipaswa kungoja zamu yake.

Siku hiyo niliamua njia yangu: hisabati ya ubongo upande mmoja, na mashine zinazojifunza upande wa pili. Waliotutangulia walikuwa wamekwisha kuvuka mipaka hiyo. Geoffrey Hinton alianzia saikolojia. Terry Sejnowski alianzia fizikia akahamia kwenye neva, na mwaka 1985 wakiwa na David Ackley walichapisha namna mtandao wa nyuroni bandia unavyoweza kujifunza. Lakini kwa vijana wa rika langu, ajira ilikuwa ngumu. Idara moja ya biolojia iliniambia mimi ni mtu wa hesabu. Idara ya kompyuta, jengo la pili yake, ikaniambia mimi ni mtu wa ubongo. Nikawa kama popo wa hadithi: ndege wakamkana, na wanyama wakamkana. Miaka minne niliishi kwa mikataba ya miezi.

Ndipo ikaja Machi 1997. Nilikuwa maktaba, nimesimama kwenye foleni ya mashine ya kunakilia, nikalifungua jarida la Science. Wolfram Schultz alikuwa amepima seli zinazotoa kemikali ya dopamini katika ubongo wa nyani. Mwanzoni zilifyatua nyani anapoonja juisi. Alipokwisha kujifunza, zilifyatua ishara ya juisi inapotokea, na juisi yenyewe ikaja zikiwa zimetulia. Juisi ikinyimwa, zilinyamaza wakati uleule ilipotarajiwa. Peter Dayan na Read Montague, walioandika naye, walionyesha kwamba mwenendo huo unalingana na kanuni ambayo Richard Sutton aliichapisha mwaka 1988 kwa ajili ya kuzifundisha mashine kutabiri. Nilisoma hapohapo mpaka mwisho. Foleni ilinipita.

Nataka vijana waelewe kwa nini miguu ilinilegea. Mwaka 1943 watafiti McCulloch na Pitts waliazima nyuroni ya kiumbe wakaifanya hesabu, na mashine zikaishi kwa mkopo huo. Zaidi ya miaka 50 baadaye niliona deni likilipwa: mashine imeusaidia ubongo kujieleza. Mwaka uliofuata kituo cha Gatsby cha hisabati ya ubongo kikaanzishwa London, Hinton akiwa mkurugenzi wa kwanza. Popo tukapata mti wetu. Demis Hassabis alipitia hapo baada ya shahada yake ya uzamivu juu ya kumbukumbu katika ubongo, na mwaka 2024 yeye na Hinton wote walipata Nobeli, mmoja ya kemia, mwingine ya fizikia.

Vijana wetu nao wanakutana siku hizi: Afrika Kusini, tangu 2017, kwa hisabati ya ubongo; na mwaka 2019 walikutana Nairobi kwa mashine zinazojifunza. Huniuliza wachague lipi. Najua mshahara uko kwenye mashine, na simlaumu mwenye wazazi wa kutunza. Lakini ninachokishuhudia ni hiki: yaliyofunguka mwaka 1997 hayakufunguliwa na watu waliojua nusu huku na nusu kule. Mmoja alikaa miaka na nyani na sindano za kupimia umeme, wengine miaka na milinganyo, kisha wakasikilizana. Daraja linasimama kwa nguzo zake mbili, na anayetaka kuvusha wenzake azichimbie zote mpaka kwenye mwamba.

Kazi haijaisha. Mdogo wangu anameza vidonge vyake kila usiku, na vinamsaidia. Bado sina hesabu ya kuniambia kwa uhakika kifafa kitamrudia siku gani. Nikiwa likizo Bombo tunapanda naye jioni kuiziba ndiva. Siku hizi kizibo anakipigilia yeye, ameinama juu ya maji, mvi zimemjaa. Mimi nasimama nyuma yake, nimemshika shati.