Mkono Nilioukata

Siku ile ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Mazinde na kuufunika uwanja wetu wa Irente. Vijana walikuwa wakishindana mbio. Mwanga ulikuwa hafifu, nikalazimika kuiweka kamera kwenye 1/30 ya sekunde, kisha nikamfuata kijana wa mbele kwa lenzi, kama mtu afuataye ndege kwa macho.

Picha iliposafishwa, uso wake ulionekana vizuri, lakini miguu yake, majani na miti vilikuwa michirizi mitupu. Nilifurahi, mbio zilionekana ni mbio. Pembeni ulijitokeza mkono wa kijana wa pili. Niliona unaharibu picha, nikaukata.

Nikampelekea mama wa mshindi. Akaitazama kitambo, akauliza, "Mwanangu, huyu alikuwa akishindana na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimkumbuka Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974. Alishinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Lakini John Walker, aliyemfuata, naye aliipita rekodi ya zamani. Mwondoe Walker pichani, nawe umepunguza ushindi wa Bayi.

Michirizi ile haikudanganya. Mwendo ndivyo ulivyo. Aliyedanganya ni mkasi wangu. Kwa bahati filamu ilikuwa salama, nikaisafisha picha upya, mkono ukiwamo. Tangu hapo, kabla sijakata, hujiuliza kwanza ninamwondoa nani.